Tzield: dripu ya siku 14 inayochelewesha kisukari aina ya kwanza

Tzield, yaani teplizumabu, ni dawa nzuri kwa anayeiwahi. Haioteshi seli mpya za insulini, inalinda zilizobaki.

Seli za beta, zile zinazotengeneza insulini kwenye kongosho, haziuawi kwa pigo moja. Seli T za kinga zikishazizingira, humwaga kemikali za ishara ziitwazo interferoni gama na TNF, na makrofaji, seli nyingine za kinga, huongeza ishara ya interlukini-1 beta. Ishara hizo zikikutana, seli ya beta hushindwa kukunja protini zake sawasawa, insulini hupungua, na mwishowe seli hujiua. Ubaya zaidi, interferoni huifanya ijaze juu ya utando wake molekuli za HLA daraja la kwanza, yaani vitambulisho vya seli, zilezile ambazo seli T muuaji huzitumia kuitambua. Tzield hushika CD3, protini iliyo juu ya seli T, na kuzichosha seli hizo, hivyo ishara hupungua kwenye chanzo chake.

Marekani iliiidhinisha Novemba 2022 kwa wenye umri wa miaka 8 na kuendelea walio hatua ya pili ya ugonjwa: kingamwili mbili au zaidi dhidi ya kongosho, na kipimo cha kunywa glukosi kimeanza kuvurugika, ila dalili bado. Katika jaribio la watu 76, nusu ya waliopata dawa walifika miezi 48 hivi kabla ya kuugua. Waliopewa dripu isiyo na dawa, miezi 24. Miaka miwili bila sindano za insulini kwa mtoto wa darasa la tano si kitu kidogo.

Kazi iko kwenye maandalizi. Kichupa kina miligramu 2 ndani ya mililita 2. Changanya zote na mililita 18 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, geuza polepole bila kutikisa. Sasa kila mililita ina mikrogramu 100. Dozi ni mikrogramu 65 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili siku ya kwanza, kisha 125, 250, 500, halafu 1,030 kuanzia siku ya tano hadi ya 14. Mtoto mwenye eneo la mwili la mita za mraba 1.2 huanza na mililita 0.78, na siku ya tano hufika 12.36. Anayevuta moja kwa moja kutoka kichupani kabla ya kuchanganya anampa mgonjwa dozi mara kumi. Kipimo hicho huingia kwenye mfuko wa mililita 25, dripu ianze ndani ya saa mbili, iende si chini ya dakika 30.

Dozi hupandishwa taratibu kwa sababu dawa yenyewe, inaposhika seli T, huzifanya zimwage saitokini, yaani zile kemikali za ishara, na kuleta homa, kichefuchefu, maumivu ya misuli. Ndiyo maana siku tano za mwanzo hutanguliwa na parasetamoli na dawa ya mzio. Limfosaiti, chembe nyeupe za damu zikiwemo seli T, hushuka kwa wengi, kisha hurudi. Siku ikikosekana, endelea kesho. Usirundike dozi mbili. Chanjo zenye virusi hai zikamilike wiki nane kabla ya kuanza dawa.

Kinachokera ni bei. Ilipotoka, kichupa kiliuzwa dola 13,850, karibu dola 194,000 kwa vichupa 14, na siku ya kwanza mtoto yule hutumia mililita 0.78 kati ya 20, zilizobaki humwagwa. Vichupa vidogo vya siku nne za mwanzo vingepunguza hasara hiyo.

Kwa aliye hatua ya pili, tunaipendekeza bila kusita. Kwa ambaye tayari anachoma insulini, idhini hii haimhusu.