TAHADHARI: Fundi wa uzio anayekuambia kibali si lazima

Jamani, kama unapanga kuzungushia kiwanja chako uzio, soma hapa kabla hujatoa hela.

Kuna mafundi wanaopita mlango kwa mlango bila kuitwa. Wimbo wao ni mmoja: wamemaliza kazi mtaa wa pili, nguzo na waya zimebaki, ukikubali leo watakupunguzia, kesho bei si hiyo. Anapima kiwanja kwa hatua za miguu, anataja jumla isiyo na mchanganuo, kisha anataka nusu au zaidi ya "kununulia vifaa". Ukigusia kibali anacheka. "Uzio tu huo, bosi, si nyumba."

Akishasema hivyo, mwonyeshe njia. Uzio ukikiuka sheria anayeandikiwa barua ya kubomoa ni mwenye kiwanja. Fundi wakati huo ameshabadilisha laini ya simu.

Sheria zenyewe hutofautiana kila mahali, lakini mambo yanayoangaliwa karibu ni yale yale: urefu, umbali kutoka barabarani, kona zinazowaziba madereva wasione, na njia za mabomba au nyaya zilizopita chini. Sehemu nyingi uzio wa mbele hutakiwa kuwa mfupi kuliko wa nyuma. Huko Uingereza, kwa mfano, uzio unaopakana na barabara ya magari ukizidi mita 1 kwa kawaida unahitaji kibali, na usiopakana na barabara hiyo kikomo ni mita 2. Kwako nenda ofisi inayotoa vibali vya ujenzi ukaulize mwenyewe, na uulize pia habari ya nyaya za miiba na za umeme, maana hizo mara nyingi zina masharti yake. Fundi akisema "kibali niachie mimi", sawa, ila kazi isianze mpaka ukishike mkononi na ukione kina namba ya kiwanja chako.

Halafu mpaka. Usikubali kabisa fundi aufuate ua wa zamani au alama aliyoonyeshwa na mpita njia. Tafuta bikoni, yaani alama rasmi za mpaka wa kiwanja, na kama hazionekani mwite mpima ardhi aliyesajiliwa azifufue. Kwa ukuta wa tofali kuna mtego ambao wengi hawaufikirii: msingi ni mpana kuliko ukuta. Ukuta ukikaa sawasawa kwenye mstari, msingi wake umeshaingia kwa jirani, na kesi umeinunua mwenyewe.

Sasa wizi wa vifaa, na huu ndio unaoniudhi kuliko yote kwa sababu hauonekani. Waya huuzwa kwa geji, yaani namba ya unene wake, na namba ikipanda waya unazidi kuwa mwembamba. Geji 12 ya vipimo vya Kiingereza ina unene wa milimita 2.6 hivi, geji 16 ni 1.6 tu. Mteja akisikia 16 anadhani amepewa imara zaidi! Andikisha unene kwa milimita kwenye mkataba, si geji peke yake. Nguzo za chuma nazo kuna zinazopakwa rangi ya fedha zikaitwa za zinki. Kwaruza kwa ufunguo: rangi hubanduka, zinki hainyanyuki kama ganda.

Mashimo je? Nguzo inayosimama mita 1.8 juu ya ardhi inataka shimo la sentimita 60 au zaidi, na udongo ukiwa laini uongeze. Hawa jamaa wanachimba 30, wanashindilia udongo, kisha wanamwaga zege koleo moja juu ili lionekane. Upepo wa kwanza mkali ndio unaokupa majibu. Chukua kijiti, kiwekee alama, pima kila shimo kabla halijajazwa. Fundi mkweli hatakasirika. Kama ni ukuta kwenye mteremko, hakikisha ameacha matundu ya maji chini, la sivyo maji ya mvua yatajikusanya nyuma yake na kuusukuma.

Kuhusu malipo: nunua vifaa mwenyewe dukani, umlipe fundi ufundi wake kwa hatua, na bakiza kiasi cha maana mpaka ukaguzi upite. Omba uone kazi aliyoifanya miaka miwili au mitatu iliyopita, siyo ya juzi, kwa sababu uzio wowote wa juzi umenyooka.

Na kama hela yako imeshaenda na simu haipokelewi, tunza risiti, jumbe na picha za kilichoachwa, kisha karipoti polisi. Angalia sana akikurudia kusema saruji imepanda, umwongezee kidogo amalizie. Usitume hata senti.