Wakala wa Mvinyo Adimu: Mwaka Mmoja wa Kusubiri

Nilijiunga na huduma ya wakala huyu kwa sababu mvinyo ninaoutafuta ni nadra kufika madukani: Le Pin ya Pomerol, Ufaransa, iliyoanza mwaka 1979, hutoka kwenye shamba dogo lisilozidi hekta tatu, na Screaming Eagle ya Napa, Marekani, ambayo mavuno yake ya kwanza ni ya 1992, huuzwa kwa mgao kwa waliojiandikisha.

Kazi yake anaijua. Kabla ya kulipa nilitumiwa picha za kila chupa zikionyesha lebo, kizibo na kiwango cha mvinyo shingoni, pamoja na karatasi zinazoeleza ilipita mikononi mwa nani tangu itoke kwa mzalishaji. Huo si urasimu: mwaka 2008, huko New York, ziliondolewa mnadani chupa za mvinyo wa Kifaransa Clos Saint-Denis zenye lebo ya Domaine Ponsot na tarehe za kuanzia 1945, ilhali familia ya Ponsot ilianza kutengeneza mvinyo huo miaka ya 1980. Aliyezileta, Rudy Kurniawan, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 mwaka 2014.

Lawama yangu ni usafirishaji. Chupa moja kati ya sita ilifika kizibo kimesukumwa juu na mvinyo umechuruzika hadi kwenye lebo, dalili ya joto kali njiani. Fedha zilirudishwa baada ya barua tatu, lakini chupa nyingine haikupatikana, nami nilikuwa nimeisubiri miezi 11. Nitaagiza tena, ila msimu wa baridi.