Viatu vya mitumba vya kukimbilia milimani: angalia sponji kabla ya meno ya soli

Jozi hii niliinunua mitumba ya Nakuru kwa shilingi 2,500, nikaitumia njia za kreta ya Menengai na mlima Elgon kupitia lango la Chorlim. Imenifaa sana, na kilichonifaa ni sponji yake, lile tabaka nene laini lililo juu ya soli ya mpira. Wanunuzi wengi hukimbilia kutazama meno ya soli, na hapo ndipo pesa hupotea.

Sponji huzeeka hata kiatu kikikaa stoo bila kuvaliwa. Meno yatakuwa marefu, kitambaa kitang'aa, muuzaji atakwambia hii ni kamera, yaani mtumba wa daraja la kwanza, kumbe ndani kimekufa. Bonyeza ubavu karibu na kisigino kwa kidole gumba: sponji nzima hubonyea kisha hurudi. Ikigoma, au ikiwa na mikunjo iliyojilaza ubavuni isiyoondoka, kirudishe. Halafu kipinde, kijikunje pale vidole vinapoanzia, si katikati ya wayo. Kiweke mahali tambarare ukitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande, kimeshika mwendo wa mwenyewe wa kwanza na goti lako ndilo litakaloumia. Lebo iliyo chini ya ulimi mara nyingi ina tarehe ya kutengenezwa, isome.

Saizi: bakisha upana wa kidole gumba mbele. Miguu huvimba ukitembea saa nyingi, na kwenye mteremko vidole hugonga mbele mpaka kucha zinakuwa nyeusi. Lile tundu la mwisho la kamba, ambalo wengi huliacha wazi, lina kazi. Tengeneza kitanzi kila upande, vusha kamba ya upande wa pili ndani yake, ndipo ufunge. Kisigino kinatulia bila kukaza juu ya wayo.

Menengai shida ni vumbi la majivu. Linapenya kitambaa, linajikusanya chini ya insoli (kile kipande cha ndani kinachotoka, unachokanyagia) na kusugua ngozi kama msasa. Kata shingo ya soksi kuukuu, uivishe juu ya mdomo wa kiatu; inazuia vumbi na vijiwe pia. Meno ya milimita 4 yanatosha huko. Kwa tope la Elgon nataka 5 au zaidi, tena yaliyoachana ili tope lidondoke. Na usilipie zaidi kwa kiatu kisichopitisha maji: nyasi ndefu zikishamwaga maji kwa juu, hayana pa kutokea. Kitambaa chepesi kinalowa, lakini kinayatoa ukiendelea kutembea.

Udhaifu wa jozi yangu ni gundi, iliyoanza kuachia kwenye ncha. Mafundi wengi hushona soli kuzunguka kwa uzi wa nailoni. Kwa barabara ya mjini ni sawa, ila mlimani mawe husaga uzi uliojitokeza, na matundu ya sindano huingiza maji. Mwombe fundi akwangue gundi ya zamani, apake mpya pande zote mbili, angoje hadi isinate kidoleni, ndipo abane. Akishona, iwe ncha tu, na uzi uzame kwenye mfereji aliouchonga. Kipumzishe siku nzima kabla ya kukivaa.

Baada ya kuosha, toa insoli, jaza magazeti na uanike kivulini. Kukausha kando ya jiko hulegeza gundi hiyohiyo uliyomlipa fundi.