Uji wa mtama mwekundu au wa dona?
Loweka mtama mwekundu usiku, asubuhi utakuta maji yana rangi ya kutu. Rangi hiyo hutoka kwenye ganda, ambamo mna luteolinidini na apigeninidini, kemikali adimu katika nafaka nyingine. Maabara zimeonyesha kwamba kemikali hizo zinapunguza kasi ya seli za saratani ya utumbo mpana kuongezeka. Ni seli za kwenye vichupa, si za mgonjwa. Anayekuuzia unga huo kama dawa anakudanganya. Dona nayo ina kemikali yake, asidi ya feruliki, ila imeng'ang'ania pumba, na wanaoifungua zaidi ni bakteria wa utumboni. Sembe? Pumba zake wameshakula kuku. Mimi nachukua mtama, ingawa aina zenye tanini nyingi hukausha ulimi na kuzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri.