Kinga ya Surua: ya Kuugua au ya Chanjo?

Mtoto wa Kampala hupata kinga dhidi ya surua kwa kuugua, au kwa kuchanjwa akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Kwa vyovyote vile, chembe nyeupe za damu hutengeneza kingamwili, yaani protini za kupambana na virusi, na baadhi ya chembe hizo hubaki na kumbukumbu ya virusi vya surua. Kinga ya kuugua kwa kawaida hudumu maisha yote, hilo halina ubishi. Lakini virusi vya surua hushambulia chembe zizo hizo za kumbukumbu, hata mtoto aliyepona akapoteza sehemu ya kinga aliyokuwa nayo dhidi ya maradhi mengine, nimonia ikamkuta hana silaha. Chanjo hutumia virusi vilivyodhoofishwa, ambavyo huufunza mwili bila hasara hiyo, ingawa huenda mtoto akapata homa kidogo.