Silikoni ya matiti ikishapita miaka kumi: tathmini ya bidhaa

Kifuko cha silikoni cha matiti kinachouzwa Marekani leo huambatana na onyo lililozungushiwa mstari mweusi, aina ile ile inayowekwa kwenye dawa zenye madhara makubwa. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, iliagiza hivyo Oktoba 2021. Maneno mazito katika onyo hilo ni mawili: kifaa hiki si cha maisha, na kadiri kinavyokaa mwilini ndivyo uwezekano wa matatizo unavyopanda. Kwa hesabu ya FDA yenyewe, hadi mwanamke 1 kati ya 5 waliokuza matiti hulazimika kuvitoa ndani ya miaka 8 hadi 10. Kwa hiyo picha za kabla na baada tunaziacha kwa wauzaji. Hapa tunaangalia kinavyozeeka.

Sehemu zake ni chache. Nje kuna gamba la mpira wa silikoni lenye matabaka, mojawapo likiwa la kuzuia jeli isichuje. Ndani kuna jeli. Mgongoni kuna kiraka kidogo kinachoziba tundu la kiwandani. Kifuko cha kwanza kiliwekwa Houston, Texas, mwaka 1962, kikiwa na gamba nene na jeli nzito. Miaka ya 1970 watengenezaji walitafuta ulaini: wakapunguza unene wa gamba na kuifanya jeli iwe nyepesi. Hicho ndicho kizazi kibaya kuliko vyote kwa kupasuka, na kinapotolewa leo jeli yake hutiririka kama asali na kunata kwenye glovu za daktari. Tabaka la kuzuia kuchuja lilikuja baadaye. Vifuko vya karibuni vina jeli iliyoshikamana hata ukikikata kati kinabaki na umbo lake, kama kipande cha halua. Maendeleo hayo ni ya kweli, tunayakubali. Ila gamba lenyewe bado linachoka.

Huchoka vipi? Sehemu inayojikunja kila siku mahali pale pale husuguana yenyewe, ikalainika, ikatoboka. Kifuko kilichoingizwa katika nafasi finyu kuliko upana wake hujikunja zaidi, na hapo kosa ni la kupima siku ya upasuaji. Wakati mwingine gamba lilikwanguliwa na kifaa likiingizwa, na jeraha dogo lile likasubiri miaka. Ipo pia desturi ya zamani ya daktari kulibana titi gumu kwa nguvu za mikono miwili ili kovu la ndani likatike. Watengenezaji wanaikataza kwa sababu inapasua kifuko. Anayejitolea kukufanyia hivyo, kliniki au saluni, mwambie asante na uondoke.

Sasa tuje kwenye kasoro inayoishusha alama bidhaa hii kuliko nyingine zote: ikipasuka, mara nyingi hujui. Mwili hukizungushia kila kifuko ganda la kovu, kwa kila mtu, na ganda hilo huishika jeli iliyomwagika mahali pake. Titi linabaki na umbo, maumivu hakuna, na mkono wa daktari hauhisi kitu. Linganisha na kifuko cha maji ya chumvi. Hicho kikivuja, ndani ya siku chache titi limenywea, mwili unanyonya maji yale bila madhara, na unajua wazi kwamba una shughuli. Kwa kushika ni kigumu zaidi na hukunjamana kwenye ngozi nyembamba, lakini kwa uwazi kinaishinda silikoni mbali sana.

Ndiyo maana kipimo cha picha tunakihesabu kuwa sehemu ya bei, hata kama muuzaji hakukitaja. Ratiba ya FDA ni hii: picha ya kwanza ya ultrasound (mawimbi ya sauti) au MRI (mashine ya sumaku) mwaka wa 5 au wa 6 baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka 2 hadi 3, hata kama huna dalili yoyote. Ultrasound ni rahisi kupatikana na inatosha kuanzia, ilimradi anayeishika amewahi kuona silikoni. Jeli ikiwa imetoka nje ya ganda la kovu, kioo hujaa chenga kama televisheni iliyopoteza mawimbi. Wataalamu huita dhoruba ya theluji, lakini chenga ni neno sahihi zaidi. Picha ikiwa na utata, nenda MRI. Utalala kifudifudi, matiti yakiwa ndani ya kifaa maalumu cha kupokea mawimbi, na kwa kutafuta mpasuko peke yake hauhitaji kuchomwa dawa ya kung'arisha picha. Gamba lililopasuka huonekana likielea ndani ya jeli kama tambi sufuriani.

Mamografia, yaani eksirei ya matiti, haifanyi kazi hiyo. Inaweza kuonyesha jeli iliyokwisha toka nje ya ganda, lakini mpasuko uliobaki ndani haiuoni, na majibu "safi" ya mamografia yamewatuliza wengi bure. Kazi yake ni kutafuta saratani ya matiti, na kwa hiyo bado unaihitaji ukifika umri wake. Sema una silikoni wakati wa kuchukua miadi, usingoje kufika chumbani. Badala ya picha 4 za kawaida zinatakiwa 8: nne kama kawaida, na nne nyingine ambazo kifuko husukumwa nyuma ukutani mwa kifua na nyama ya titi ikavutwa mbele. Mpiga picha asiyejua mbinu hiyo atakuletea picha za kifuko, na nyama iliyojificha nyuma yake haitaonekana.

Jeli ikivuka ganda la kovu huweza kusafiri. Kituo chake cha kawaida ni tezi za kwapani, ambazo huvimba na kuwa ngumu kiasi cha kumtia mtu hofu ya saratani. Sindano ya kuchukua kipande hutoa jibu. Mabaki ya silikoni kwenye tezi hayatolewi yote kwa urahisi, na mara nyingi daktari huyaacha kama hayasumbui, kwa kuwa kuchimba kwapa kuna madhara yake.

Tatizo linalolalamikiwa zaidi ni titi kuwa gumu. Ganda la kovu, badala ya kukaa laini, hukaza na kukiminya kifuko. Madaktari hutumia daraja za Baker: ya 1 titi ni laini, ya 2 ugumu unahisika kwa mkono lakini hauonekani, ya 3 unaonekana kwa macho, titi limepanda juu au limekuwa duara kama chungwa, ya 4 lina maumivu na ni baridi kwa kugusa. Visababishi ni bakteria wachache walioganda juu ya gamba tangu siku ya kwanza, damu iliyovilia baada ya upasuaji, mionzi ya tiba ya saratani, na jeli inayovuja. Ganda la miaka mingi huweka chokaa, na likikatwa hutoa sauti kama ganda la yai. Daraja ya 3 na ya 4 huishia chumba cha upasuaji. Vidonge na kuchua vinasaidia kidogo sana kwa ganda lililokwisha zeeka, hata kama anayeviuza anasema vingine.

Kuna dalili moja isiyosubiri: titi moja kuvimba, mara nyingi bila homa, miaka kadhaa baada ya upasuaji, kwa kawaida kati ya 7 na 10. Maji yamejaa kati ya kifuko na ganda. Mengi huwa hayana neno, lakini yanaweza kuwa limfoma inayohusishwa na vifuko vyenye uso wa kukwaruza, saratani ya chembe za kinga inayoanzia kwenye ganda la kovu. Kosa la kawaida hapa ni kuchukulia kuwa ni maambukizi: mgonjwa anapewa antibiotiki, maji yananyonywa, yanamwagwa kwenye sinki, na ushahidi unakwenda nayo. Mpangilio sahihi ni ultrasound, kisha sindano ikiongozwa na picha, kisha maji yote yapelekwe maabara, angalau ml 10 na ikiwezekana 50, kwa uchunguzi wa chembe pamoja na kipimo cha CD30, alama inayobebwa na chembe za limfoma hii. Fomu ya maabara iandikwe wazi kwamba kinachotafutwa ni limfoma, maana bila hivyo CD30 haipimwi. Ugonjwa ukikutwa bado umo ndani ya ganda, kutoa kifuko na ganda zima mara nyingi hutosha kuponya.

Kwa sababu hiyo vifuko vya BIOCELL vya Allergan tunavipa sifuri. Uso wake ulitengenezwa kwa chumvi iliyobandikwa kwenye silikoni kabla haijakauka na kuoshwa baadaye, ikaacha vishimo vya kung'ang'ania nyama ili kifuko chenye umbo la tone kisizunguke. Julai 2019, FDA ilipotaka viondolewe sokoni na kampuni ikavirudisha duniani kote, kesi za limfoma hiyo zilizohesabiwa zilikuwa 573 na vifo 33. Kesi 481 zilikuwa za vifuko vya Allergan. Hata hivyo FDA haikuwaambia wasio na dalili wavitoe, na ushauri huo tunauona wa busara: upasuaji nao una hatari zake, na ugonjwa wenyewe ni nadra.

Sifuri nyingine ni ya kampuni ya PIP ya Ufaransa, iliyojaza vifuko silikoni ya viwandani badala ya ile ya tiba hadi ilipofungwa 2010. Wanawake wapatao 300,000 duniani waliwekewa, na mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013. Aliyewekewa kifuko miaka ya 2000 bila kujua chapa ana sababu ya kuitafuta.

Uchovu usioisha, maumivu ya viungo na kusahausahau navyo vimo kwenye onyo la FDA. Kipimo cha kuthibitisha kwamba chanzo ni silikoni hakuna. Baadhi ya waliotoa wamepata nafuu, na zaidi ya hapo asikuahidi mtu.

Ukiamua kutoa, uliza mambo matatu kabla ya nusu kaputi. Ganda litatolewa lote au sehemu? Kulitoa zima pamoja na kifuko kama furushi moja kunahitajika kwa saratani. Kwa wengine, ganda jembamba lililoshikana na mbavu linaweza kuachwa, kwani kulikwangua kunaweza kutoboa utando wa pafu. Ganda litapelekwa patholojia? Lazima. Na ngozi iliyobaki, itainuliwa siku hiyo au baadaye? Titi lililobeba ml 350 kwa miaka kumi na tano litalegea likitolewa.

Mwisho, kadi. Waliosafiri Uturuki, India au Dubai kwa upasuaji mara nyingi hurudi na dawa za maumivu na sidiria ya kubana, kadi ikabaki kliniki. Kadi hubeba chapa, ujazo, aina ya uso na namba ya utambulisho, na bila hiyo dhamana ya mtengenezaji haina pa kuanzia. Andikia hospitali uombe nakala ya ripoti ya upasuaji, ambayo kwa kawaida hubandikwa stika ya kifuko. Kama kliniki imefungwa, ultrasound na MRI zitaeleza hali ya kifuko lakini chapa haziwezi kukuhakikishia. Siku ya kukitoa, mwombe daktari akigeuze akipige picha: kwenye kiraka cha mgongoni mara nyingi jina la kampuni na ujazo vimepigwa muhuri.