Unga wa protini wa kopo: uzoefu wangu nikimuuguza mama, Tanga

Mama alianza kemo ya saratani ya titi, yaani zile dawa kali zinazoingizwa mwilini kwa dripu, akiwa na kilo 58. Mzunguko wa pili ulipokwisha alikuwa na kilo 52, na khanga ikawa haikai kiunoni. Tunakaa Makorora, na kila baada ya siku 21 tunapanda basi la alfajiri kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Naandika kuhusu unga wa protini wa kopo, ule wenye ladha ya vanila unaouzwa maduka ya dawa, maana nimeshanunua makopo manne kwa pesa ya kuungaunga na ninayo ya kuwaambia wanaouguza.

Kopo la kwanza nililipata mjini kwa shilingi 65,000. Muuzaji aliniambia neno ambalo mpaka leo linaniuma: "Ukimpa huu, hata asipokula hakuna neno." Nikamwamini. Mama akawa anakunywa glasi mbili kwa siku, chakula hagusi, nasi roho zimetulia. Siku ya nne kopo limekwisha. Safari iliyofuata mizani ikasoma 51.

Siku hiyo tulikaa na mtaalamu wa lishe. Akaniambia nimtajie anachokula mama tangu kopo liishe, asubuhi hadi usiku. Nikamtajia kwa kujiamini kabisa: uji, chai na mkate, wali kidogo na mchuzi, usiku uji tena. Akaniuliza, "Sasa dada, protini iko wapi hapo?" Sikuwa na jibu. Uji wetu ulikuwa wa sembe nyeupe na sukari, wanga karibu mtupu. Akanipigia hesabu: mgonjwa aliye kwenye matibabu ya saratani anahitaji kama gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili wake, kila siku. Kwa mama ni gramu 61 kwenda juu. Mwili usipozipata kwenye chakula unazichukua kwenye misuli, ndiyo maana mikono yake ilikuwa imebaki mifupa. Na ni protini hiyohiyo inayotumika kujenga upya vile vinavyochubuliwa na kemo: ngozi ya ndani ya mdomo, utumbo, chembe za damu.

Kurudi nyumbani nikasoma lebo ya kopo, jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo. Glasi moja ni vijiko sita vya mle ndani, na ina protini gramu 9 tu. Kopo zima la gramu 400 linatoa glasi saba. Yaani kila glasi ni zaidi ya shilingi 9,000, kwa protini ya yai moja na nusu. Yai dukani kwetu ni 500. Nililia, sitaficha.

Je, unga haufai? Unafaa, ila kwa siku zake. Siku tatu za mwanzo baada ya dripu mama anaona kila kitu kinanuka chuma. Samaki hataki hata kumsikia harufu. Hapo ndipo unga unapotuokoa. Siku hizi siukorogi kwa maji. Nachemsha maziwa, nayaacha yapoe kabisa, nakoroga humo, na zile gramu 9 zinakuwa kama 17. Anakunywa mafunda madogomadogo kwa muda wa saa nzima. Siku aliyokunywa kwa mkupuo alitapika yote. Na kijiko kiwe cha plastiki. Cha chuma alikuwa anakitema.

Ikifika siku ya nne tunarudi kwenye chakula, na hapa watu wa Tanga tuna bahati. Naenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi, nachukua samaki aina ya changu. Namchemsha kwa tui jepesi la nazi, ndimu naweka tu kama mdomo hauna vidonda. Namchambua miiba kwa vidole, kidogokidogo, nampondea na kiazi. Kipande cha ukubwa wa kiganja kina kama gramu 20. Dagaa mchele nawakaanga bila mafuta, nawatwanga wawe unga, kijiko kimoja kinaingia kwenye uji wa ulezi pamoja na karanga za kusaga. Mchana maziwa mgando ya Tanga Fresh, hayo hata mdomo ukiuma yanapita. Mayai mawili kila siku, yaliyoiva mpaka kiini kigumu, kwa sababu kemo inashusha kinga na mayai mabichi au maziwa yasiyochemshwa ni hatari kwake.

Majirani walikuja na yao: mgonjwa wa saratani asile mayai wala samaki, utaulisha ugonjwa. Nilikuwa nishaanza kubabaika. Mama akamjibu mmoja wao kwa upole, "Shoga, niache nile, nina safari ya Dar." Daktari naye alishatueleza kwamba dozi ya kemo inakadiriwa kwa uzito na urefu, na mwili ukidhoofu sana matibabu yanaweza kuahirishwa.

Kwa hiyo mimi nanunua kopo moja tu kwa kila mzunguko. Ukinunua, geuza kopo usome protini kwa glasi na sukari kabla ya kutoa pesa. Mgonjwa wako akiwa na kisukari au figo zina shida, usimpe kabla ya kumuuliza daktari wake, hata hizo gramu nilizotaja si za kila mtu.

Wiki iliyopita mama alipima kilo 54. Jumanne tunaondoka kwa mzunguko wa sita. Nitaamka saa tisa usiku nimchemshie mayai ya njiani.